Mwanafunzi aliyetazama filamu, je, ameisoma riwaya?

Mwalimu wa Bweni

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita katika shule moja ya bweni, na miongoni mwa riwaya nilizozifundisha kwa miaka mingi ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Wengi mnafahamu kwamba mwaka 2021 riwaya hiyo ilitengenezewa filamu iliyoongozwa na Amil Shivji, na kwamba filamu hiyo ilionyeshwa hadi kwenye tamasha la Toronto. Niliipokea habari ile kwa furaha, kwa sababu si mara nyingi riwaya ya Kiswahili hupata bahati ya namna hiyo, na sikudhani hata kidogo kwamba siku moja ingenizulia swali ninalolileta kwenu leo.

Mwezi uliopita niliwapa wanafunzi insha kuhusu ndoa ya Yasmin, yule binti wa Kihindi wa miaka 15 aliyeozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52. Insha moja ilinivutia kuliko nyingine zote. Mwandishi wake ni binti mtulivu ambaye kwa kawaida huandika ukurasa mmoja na nusu akachoka, lakini safari hii alijaza kurasa nne, na maelezo yake yalikuwa na uhai ambao sikuuona katika insha za wale wanaonakili uchambuzi kutoka mtandaoni. Nilipoirudia mara ya pili, nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, ndipo nilipogundua kwamba hakuna hata sentensi moja ya mwandishi aliyoinukuu, na kwamba kila alichokitaja kilikuwa kitu kinachoonekana kwa macho: nguo, mwanga, namna mtu alivyogeuza uso. Nilimwita, naye hakuficha. Aliitazama filamu mara mbili nyumbani wakati wa likizo, na kitabu hakukivuka zaidi ya sura ya kwanza.

Sikumkaripia. Nilimwuliza tu, "Yasmin alikuwa akiwaza nini?" Akanijibu, "Alikuwa na huzuni, mwalimu. Nilimwona." Jibu hilo halijanitoka kichwani hadi leo. Mtihani wa karatasi ya pili utamtaka ataje mbinu za mwandishi, na najua atakwama. Hilo ni la mtihani na dawa yake ninayo. Ninachowaulizeni ni kikubwa kuliko mtihani. Binti huyu amekutana na hadithi ileile tuliyoisoma sisi, au amekutana na hadithi nyingine yenye majina yaleyale? Na kama ni nyingine, ni kitu gani hasa alichokikosa, mbali na yale matukio ambayo filamu haikuyachukua?

Mhariri wa Picha

Shikamoo mwalimu. Kazi yangu ni kuhariri filamu, kwa hiyo kila siku ninashinda mbele ya swali lako, ingawa kwangu huja likiwa na umbo la mkasi.

Kwanza tuondoe jambo lililo jepesi. Katika kazi yetu tunakadiria kwamba ukurasa mmoja wa skripti ni sawa na dakika moja hivi ya filamu, na mtazamaji wa kawaida anatupa saa moja na nusu, akiwa mwema saa mbili. Riwaya ambayo msomaji anaishi nayo kwa siku kadhaa haiwezi kuingia humo bila kupunguzwa. Kitabu cha Shafi kinampeleka Yasmin Mombasa na kumrudisha Unguja, kinafuatana na Denge na wenzake katika harakati zao dhidi ya Mwingereza, kinakaa na watu wengi. Filamu iliamua kushika uzi mmoja kwa nguvu, yaani mapenzi ya Yasmin na Denge katika Unguja ya miaka ya 1950. Huo ni uchaguzi, na mwongozaji asiyechagua huishia na muhtasari. Kwa hiyo mtu akiniambia "wameacha sehemu fulani," huwa sioni kwamba amesema jambo kuhusu filamu.

La pili ndilo zito. Miaka michache iliyopita tulikuwa tunatengeneza filamu fupi kutokana na hadithi fupi ambayo haikuwahi kuchapishwa, na ndani yake kulikuwa na sentensi moja tu iliyosema kwamba mwanamke alimsubiri mumewe baharia miaka mitatu, ingawa hakuwa akimpenda tena. Kwa mwandishi hiyo ni kazi ya pumzi moja. Sisi tulikaa nayo siku mbili. Mwishoni tulipiga picha ya mkeka wenye chakula cha jioni, sahani mbili, moja imefunikwa kwa kawa mpya yenye rangi nyekundu iliyokolea. Kisha mkeka uleule, kawa ileile, wekundu umepauka. Kisha tena, na safari hii ukingo wa kawa umeanza kufumuka na ukindu mmoja umening'inia juu ya sahani. Picha tatu, sekunde 11 kwa jumla, hakuna neno hata moja. Tulipoionyesha, kina mama waliokuwa ukumbini waliguna kwa pamoja walipouona ule ukindu, na sijawahi kuona ukurasa wa kitabu ukiwagunisha watu 60 kwa mara moja.

Lakini ninakiri kwako, mwalimu, kwamba tulifanikiwa nusu tu ya sentensi. Ile miaka mitatu tuliipata. Kumsubiri tulikupata. "Ingawa hakuwa akimpenda tena" hatukuipata kabisa. Tulijaribu kumwambia mwigizaji aweke sahani kwa namna ya mtu aliyechoka, ikaonekana amechoka. Tukamwambia aiweke kwa hasira, ikaonekana ana hasira. Neno "ingawa" halipigiki picha. Sisi tunaweza kuweka vitu viwili kimoja baada ya kingine, na mtazamaji akavifunga kwa kamba anayoijua yeye mwenyewe, lakini hatuwezi kumkabidhi kamba.

Kwa hiyo mwanafunzi wako alipokujibu "Nilimwona," alikupa jibu sahihi kabisa la mtu aliyetazama filamu. Ameiona huzuni na amejifungia kamba yake mwenyewe.

Mzee wa Barazani, Unguja

Asalaam alaikum. Nimeisoma jawabu ya mwanangu mhariri mara mbili, na lile neno lake "ingawa" limenifungulia mlango ambao nilikuwa nikiugonga kwa muda mrefu.

Mimi nimepita umri wa kuhesabiwa miaka, na ujana wangu niliugawa sehemu mbili, kati ya vitabu na sinema ya Majestic pale Vuga, basi msije mkanidhania kuwa ni mtu wa kuichukia sinema. Naipenda. Lakini angalieni lugha yetu wenyewe inavyofanya kazi. Mwandishi akiandika, "Kila alasiri hukaa barazani akaangalia watu wapitao," ile hu- peke yake imebeba alasiri elfu. Kamera haina hu-. Kamera inaweza kutuonyesha alasiri moja tu, mtu mmoja, shati moja, paka mmoja anayepita. Kama inataka kutuambia kwamba ndivyo siku zote, lazima irudie, kama mwanangu alivyoirudia ile kawa yake, na kurudia mara tatu si sawa na kusema daima. Kamera haina -nge- wala -ngali-. Maisha ya Yasmin ambayo angeliyapata lau wazee wake wasingelimwoza hayawezi kupigwa picha mpaka yafanywe ndoto, na yakishafanywa ndoto yanageuka kuwa jambo alilolala akaliota, ilhali kwenye maandishi ni jambo ambalo msimulizi analijua na pengine Yasmin mwenyewe halijui. Kamera ina ana- na ina ka-, yaani anafanya hivi, akafanya vile. Kwa hizo mbili inajua kwenda mbio kuliko mwandishi yeyote.

Nitoe na mfano wa Shaaban Robert, kwa sababu ndio wazi zaidi. Katika Kusadikika, Karama anasimama mbele ya baraza siku sita kujitetea, na anayemshitaki ni waziri aitwaye Majivuno. Unaposoma, Majivuno hana uso. Kila msomaji humpa uso wa mtu anayemjua, na pengine, akiwa mkweli, uso wake mwenyewe. Sasa mtie Majivuno katika filamu. Itabidi apate mwigizaji, na mwigizaji ana pua, ana sauti, ana kimo. Papo hapo majivuno yaliyokuwa ya watu wote yamekuwa ya bwana mmoja aliyevaa joho, na sisi tuliokaa kwenye viti tumesalimika. Sisemi kwamba kitabu kile hakiwezi kufanyiwa filamu. Nasema atakayeifanya itampasa atafute njia ya kumnyima mtazamaji huo usalama, na sijui kama uso wa binaadamu unakubali.

Upande mmoja kitabu kinashindwa na ni haki tuuseme. Wajukuu wangu waliolelewa bara walikuwa wakiyasoma maneno ya Kiunguja kama msamiati wa mtihani. Katika filamu yetu hii wameyasikia yakitoka kinywani mwa watu, na lafudhi yake, na pale mtu anapovuta neno kwa kebehi. Mwandishi anaweza kuandika kwamba mtu alisema kwa kebehi. Sauti yenyewe hawezi kuitia kwenye karatasi.

Mtafsiri

Naomba nimlete mtu aliyefanya kazi zote mbili kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu tunazungumza kama kwamba mwandishi na mwongozaji siku zote ni watu wawili wanaogombania hadithi.

Ousmane Sembène wa Senegal, aliyezaliwa mwaka 1923, alikuwa kuli bandarini Marseille kabla ya kuandika, na riwaya yake ya kwanza aliitoa mwaka 1956 kwa Kifaransa. Aliporejea Afrika wakati wa uhuru alitambua jambo lililomuumiza: watu aliokuwa akiwaandikia hawakuweza kumsoma, wengine kwa sababu hawakujua Kifaransa na wengi kwa sababu hawakujua kusoma kabisa. Akiwa na umri unaokaribia miaka 40 akaenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu. Mwaka 1968 akatoa Mandabi kwa Kiwolof, kutokana na hadithi aliyokwisha kuiandika mwenyewe kwa Kifaransa. Sinema aliiita shule ya jioni, na hakusema hivyo kwa kujipamba. Alizunguka na filamu zake na kukaa na watazamaji kuzijadili.

Hadithi yenyewe ni ya Ibrahima Dieng, mzee wa Dakar asiye na kazi, ambaye mpwa wake anayefanya kazi Paris anamtumia hawala ya faranga 25,000. Fedha zimefika lakini hawezi kuzichukua, kwa kuwa hana kitambulisho, na ili apate kitambulisho lazima awe na cheti cha kuzaliwa, na ili apate cheti lazima awe na mtu ofisini. Filamu inaanza na kinyozi chini ya mti akimnyoa Dieng, na kamera inasogea hadi unauona wembe ukiingia puani. Hakuna aliyetwambia lolote bado, lakini tayari tumeshajua mtu huyu anajipenda kiasi gani na amejiachia mikononi mwa wengine kiasi gani.

Sasa fikirini jambo hili, kwa maana ndilo lililonifanya niandike. Tunaposoma kitabu kuhusu mtu asiyejua kusoma, sisi tumeshamkimbia. Tuko upande wa makarani. Barua ya mpwa wake tunaielewa kabla yake. Katika filamu, karatasi inapoinuliwa mbele ya Dieng, inakuwa karatasi: kitu cheupe chenye alama, kilichoshikwa na mkono wa mtu mwingine. Mtazamaji wa kijijini asiyejua kusoma alikuwa amesimama palepale aliposimama Dieng, na naamini hicho ndicho Sembène alichokuwa akikitafuta. Hapo kitabu kilikuwa kikwazo kwa hadithi yake yenyewe.

Hata hivyo, Mwalimu wa Bweni, usimwachie mwanafunzi wako ajifiche nyuma ya Sembène. Sembène aliiacha karatasi kwa sababu lugha ya karatasi haikuwa ya watu wake. Adam Shafi ameandika kwa lugha ambayo binti huyo anaota nayo usiku. Na Sembène mwenyewe hakuviacha vitabu: Xala aliiandika kama riwaya mwaka 1973, na filamu yake akaitoa mwaka 1975.

Kijana wa Temeke

Nimesoma hoja za wakubwa zangu kwa makini, na ninaona kuna chuo kimoja ambacho hakijatajwa, nacho ndicho nilichosomea mimi. Nilikulia kwenye vibanda umiza. Tuliketi kwenye mabenchi ya mbao, watoto mbele, watu wazima nyuma, feni moja, na filamu za Kihindi na za Kichina zikisimuliwa kwa Kiswahili na mtu ambaye hatukumwona. Zamani walisimulia palepale kwa kipaza sauti, baadaye sauti ikawa imerekodiwa kwenye kanda na diski.

Watu wengi wanadhani kazi ya yule bwana ilikuwa kutafsiri maneno. Maneno alikuwa akiyatafsiri yanapomfaa. Kazi yake kubwa aliifanya pale ambapo hakuna anayesema. Steringi anasimama dirishani, anatazama mvua, muziki unalia, na msimulizi anaingia: "Hapa sasa anamkumbuka mama yake. Anajiuliza, nikienda kulipiza kisasi, nani atamwuguza? Lakini damu ni nzito." Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwamo kwenye filamu. Na sisi tulikuwa tunayahitaji. Ilipotokea siku moja mwenye kibanda akaweka kanda isiyosimuliwa, watu walidai fedha zao zirudishwe, ingawa picha zilikuwa zilezile na mapigano yalikuwa yaleyale.

Mhariri amesema kamera haina "ingawa", na Mzee wa Barazani akaongeza kwamba haina hu-. Nadhani ndicho tulichokuwa tukikilipia. Tulilelewa kwa paukwa pakawa, bibi akitwambia sungura amefanya nini na akitwambia pia kwa nini, na akitia maoni yake humohumo. Tulipopewa picha bila bibi, tukamwajiri mwingine.

Mhariri wa Picha

Ndugu yangu wa Temeke, umenifundisha jambo. Sisi tulioingia vyuoni tulikuwa tukiwadharau wasimuliaji wale kwa kuharibu ukimya tulioujenga kwa gharama. Sitabadilisha kazi yangu, bado naamini ule ukindu wa kawa haukuhitaji mtu wa kuusemea, lakini sitawaita waharibifu tena.

Mwalimu wa Bweni

Nawashukuru nyote, na Mzee wa Barazani namsalimu kwa heshima zote. Baada ya kumsoma Kijana wa Temeke nilipata wazo, nikalijaribu juzi kabla sijaandika hapa.

Nilimwomba yule binti achague sehemu moja ya filamu, isiyozidi dakika moja, ambayo Yasmin yupo na hakuna anayezungumza. Kisha nikamwomba awe yule mtu wa kipaza sauti: aandike kile ambacho msimulizi angelikisema juu ya picha ile, kwa sharti kwamba lazima atumie "ingawa" mara moja, hu- mara moja na -nge- mara moja. Alidhani ni kazi ya dakika kumi. Alirudi jioni wakati wa maandalio akiwa na mistari mitano iliyofutwafutwa. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba Yasmin ana huzuni. Ya pili ilianza na "Ingawa" ikakatika hapo.

Nilipomwuliza kwa nini hakuimaliza, akasema hajui Yasmin anamhuzunikia nani. Huenda ni mume anayemkinai, huenda ni wazazi wake, na huenda anajihurumia mwenyewe. Uso aliouona, akasema, unakubali yote matatu. Alilisema hilo kama mtu anayelalamika dhidi ya filamu. Nikamwambia asiilaumu, kwa sababu huko kukubali yote matatu ndiyo zawadi aliyopewa, na mhariri hapo juu amelieleza vizuri zaidi kuliko mimi. Ila alipaswa kujua kwamba kuna mtu mwingine ambaye yeye alikwishaamua, akaliandika, na kwamba anaweza kwenda kumwuliza.

Insha yake nimeipa alama 12 kati ya 20. Alama za fani nimeziacha wazi mpaka atakapoirudisha ikiwa na nukuu. Jana alikuja kukiazima kitabu, na kwa kuwa nakala za maktaba zote zilikuwa zimeshachukuliwa, nimempa yangu, ambayo ina maandishi yangu ya penseli pembeni mwa kurasa tangu nilipokuwa mwanafunzi. Leo mchana amenifuata varandani na swali lake la kwanza halikuhusu Yasmin. Ametaka kujua kwa nini kwenye ukurasa mmoja niliandika "si kweli," na nani alikuwa amesema uongo, Raza au msimulizi.